Lenzi Laini za Macho Nyanda za Juu: Mwongozo wa Kuchagua Malighafi Isiyokusumbua

Kila Juni inapoingia, upepo ukaanza kushuka kutoka mlima Loleza na midomo ya watu ikaanza kupasuka, nasikia maneno yaleyale kutoka kwa wavaaji wa lenzi laini, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe, hapa Mbeya: "Macho yangu yamekataa lenzi." Anayesema hivyo mara nyingi alizivaa vizuri tu Februari na Machi, mvua ikinyesha. Au alizizoea Dar es Salaam, akaja kusoma huku, na haikupita wiki ya pili akawa anajikuna darasani kuanzia saa nane mchana.

"Boksi lake unalo, mdogo wangu?"

"Nilitupa, daktari. Ila namba yangu ni mbili na nusu."

Namba anaikumbuka. Lenzi yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani, hajui, wala hakuna aliyewahi kumweleza. Ninapima macho, navaa lenzi laini mwenyewe, na inaniuma kuona mtu akiziacha kabisa wakati alichohitaji ni kubadili malighafi. Jicho likikataa lenzi moja halijakataa lenzi zote. Mara nyingi limekataa ile, kwa hewa ya hapa, kwa saa anazoivaa. Hatua zifuatazo ni za kukusaidia kujua kwa nini, na kufika kwa mpimaji wako ukiwa na maswali ya maana.

Hatua ya kwanza: usitupe boksi

Pembeni mwa boksi, kwa maandishi madogo, kuna jina la malighafi. Majina haya karibu yote huishia na "filcon", isipokuwa machache ya zamani kama polymacon. Utakuta etafilcon A, senofilcon A, comfilcon A, lotrafilcon B, omafilcon A. Jina la biashara lililo mbele ya boksi kwa herufi kubwa si malighafi. Kampuni moja inaweza kuuza lenzi tano zenye majina yanayofanana huku malighafi zikiwa tofauti kabisa.

Karibu na jina hilo kuna asilimia ya maji. Kisha kuna BC, yaani mpindo wa lenzi, kwa mfano 8.4 au 8.6, na DIA, upana wake, kwa mfano 14.0 au 14.2. Piga picha upande huo kwa simu kabla boksi halijapotea. Ukija na picha hiyo tu, tayari umenipunguzia nusu saa ya kubahatisha.

Hatua ya pili: elewa maji, maana hapa ndipo wengi wanapokosea

Lenzi laini za kwanza ni kazi ya mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia. Krismasi ya mwaka 1961, jikoni kwake, alizungusha matone ya malighafi kwenye kifaa alichokiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto, kikiendeshwa na dinamo ya baiskeli. Malighafi hiyo ni hidrojeli: plastiki inayonywa maji ikalainika, kama kipande cha sponji kikavu kinavyolainika kikiloweshwa. Marekani iliruhusu lenzi za aina hiyo kuuzwa mwaka 1971, na polymacon unayoikuta leo ni ya ukoo huohuo, ikiwa na maji karibu asilimia 38.

Kwa kuwa maji ndiyo yaliyoifanya plastiki ivalike, mtu anafikiri maji mengi zaidi ni raha zaidi. Wauzaji nao husema hivyo. Fanya jaribio hili siku kavu ya Julai. Chukua lenzi ya siku moja uliyomaliza kuivaa, ile inayokwenda kutupwa, hasa kama ina maji ya asilimia 58 au zaidi. Iweke kwenye kisahani karibu na dirisha lililo wazi, uiangalie. Kwanza ukingo unapoteza mng'ao. Halafu unaanza kujikunja kuelekea ndani, upande mmoja ukitangulia mwingine. Ukirudi baadaye unakuta kigamba kikavu kama ganda la ndani la kitunguu, kinachovunjika ukikibonyeza kwa ukucha.

Ikiwa kwenye jicho lako haifiki huko, kwa sababu machozi yanairudishia maji. Lakini hayo maji yanatoka wapi? Ni machozi yaleyale yaliyopaswa kuilinda konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Lenzi yenye maji mengi inapoteza mengi na inadai mengi. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu, deni hilo linalipika. Mbeya, Njombe au Iringa kati ya Juni na Oktoba, ukiwa umepanda bodaboda bila miwani ya upepo, halilipiki. Ikiwa lenzi ni nyembamba sana na ina maji mengi, konea yenyewe inaweza kukauka na kuchubuka vidoadoa. Mpimaji huviona akidondoshea rangi ya chungwa na kumulika kwa taa ya bluu.

Kwa hiyo kwa mtu anayelalamika ukavu huku kwetu, mimi huanza na malighafi yenye maji kati ya asilimia 33 na 48, si 58 wala 69. Si sheria ya chuma. Omafilcon A ina maji karibu asilimia 60 na bado baadhi ya watu wenye macho makavu wanaishukuru, kwa sababu kemia yake imeiga utando wa chembe hai na inayashikilia maji yake vizuri. Delefilcon A nayo imejengwa kwa matabaka: kiini chake kina asilimia 33, na uso wake unapita asilimia 80. Ndiyo maana asilimia peke yake haitoshi kukuamulia.

Hatua ya tatu: uliza kuhusu oksijeni

Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi inaipata kutoka kwenye hewa, ikipitia kwenye machozi. Ukiifunika kwa lenzi, oksijeni lazima ipenye kwenye lenzi.

Kwenye hidrojeli ya kawaida oksijeni hupita ndani ya maji, kwa hiyo ukitaka ipite zaidi huna budi kuongeza maji, na tumeona maji yanaleta nini. Njia ya kutoka kwenye mtego huo ilifika sokoni mwaka 1999, silikoni ilipochanganywa na hidrojeli. Silikoni inapitisha oksijeni yenyewe bila kutegemea maji. Linganisha: polymacon ina maji asilimia 38, senofilcon A ina maji asilimia 38 vilevile. Upitishaji wa oksijeni wa malighafi hizo, unaoandikwa Dk, ni kama 9 kwa ya kwanza na 103 kwa ya pili. Maji sawasawa, oksijeni zaidi ya mara kumi.

Kipimo kinachogusa jicho lako ni Dk/t, yaani Dk ikigawanywa kwa unene wa lenzi. Watafiti Holden na Mertz walipendekeza mwaka 1984 kwamba kuvaa mchana kunahitaji angalau 24, na kulala na lenzi kunahitaji 87. Wengine baadaye walipandisha viwango hivyo, lakini hivi viwili ni mahali pazuri pa kuanzia. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa na mtengenezaji kwa kawaida ni ya katikati ya lenzi yenye nguvu ya -3.00. Kama wewe ni -8.00, ukingo wa lenzi yako ni mnene zaidi, na oksijeni inayofika pembeni mwa konea ni kidogo kuliko namba inavyosema.

Mwinuko nao una sehemu yake. Mbeya iko kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Oksijeni inayolifikia jicho hupungua kwa kiasi hichohicho. Njombe na Makete ni juu zaidi. Kwenye lenzi inayopitisha oksijeni kwa wingi hutaona tofauti. Kwenye lenzi nene ya zamani, iliyokuwa inatosheleza kwa shida Dar es Salaam, pungufu hilo linaweza kukuletea jicho jekundu kuzunguka mboni na ukungu wa jioni kwenye taa.

Niliwahi kusinzia na lenzi za hidrojeli kwenye basi la usiku kutoka Dar. Tulipofika Makambako alfajiri nilifumbua macho nikaona kila taa ya kituo imezungukwa na duara la rangi. Konea zilikuwa zimevimba kwa kukosa oksijeni. Ilichukua saa kadhaa kupona, na tangu siku hiyo sipandi basi la usiku bila miwani mfukoni.

Hatua ya nne: ugumu na uso

Silikoni ina gharama yake. Lenzi za kwanza za silikoni zilikuwa ngumu. Lotrafilcon A ina ugumu wa karibu megapaskali 1.4, wakati etafilcon A ni kama 0.3. Lenzi ngumu ni rahisi kuishika na haijikunji kidoleni, lakini kope la juu linaihisi kila linapopepesa, na kwa baadhi ya watu huchubua konea sehemu ya juu. Zilizofuata, kama senofilcon A na comfilcon A, zimeshuka hadi kama 0.7. Ikiwa ulijaribu silikoni miaka mingi iliyopita ukaichukia, jaribu tena. Si kitu kilekile.

Gharama ya pili ni mafuta. Silikoni kwa asili haipendani na maji, ila inapendana sana na mafuta. Watengenezaji wanalitatua hilo kwa kuupaka uso utando au kuchanganya ndani kitu kinachovuta maji. Hata hivyo uso huo unaweza kushindwa, na kwetu unashindwa kwa sababu moja ninayoiona kila mwaka: mafuta ya mgando. Baridi ikianza, nani Mbeya anatoka nyumbani bila kujipaka mikono na uso? Mtu anaoga, anajipaka, halafu ndiyo anashika lenzi. Akija kwangu, chini ya darubini naona tabaka la ukungu lenye alama ya kidole chake kabisa, mistari na yote. Analalamika lenzi ni mbovu. Lenzi ni nzima.

Utaratibu ni huu: nawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato makali, kausha kwa taulo lisiloacha nyuzi, vaa lenzi, *halafu* ujipake mafuta, na mikono iwe ya mwisho. Jioni unanawa kwanza, unavua, ndipo unajipaka tena. Kwa dada wa vipodozi, lenzi kabla ya poda na wanja.

Hidrojeli zenye chaji ya umeme, kama etafilcon A, zina tabia tofauti: zinavuta protini za machozi. Ukiivaa na kuitupa kwa wakati wake haina shida. Ukiivaa kwa mwezi mzima lenzi ya wiki mbili, protini inaharibika juu yake, kope la ndani linaanza kuwasha na kuota vipele.

Na hapa niseme jambo kuhusu usafiri. Lenzi nyingi huku huagizwa Dar es Salaam na kuja na basi, na boksi likichelewa mtu anaendelea na ya mwezi hadi miezi mitatu. Agiza la pili siku unapofungua la kwanza. Likichelewa, vaa miwani.

Hatua ya tano: angalia saa inapoanza kusumbua

Kwa wiki moja, andika kwenye simu saa uliyovaa, saa usumbufu ulipoanza, na ulikuwa wapi. Muda unasema mengi kuliko maneno "zinawasha".

Ikichoma papo hapo ulipoivaa, malighafi haina kosa bado. Ina uchafu, imechanika, mikono ilikuwa na pilipili, au imegeuka nje ndani. Iweke kwenye ncha ya kidole uitazame kwa ubavu: iliyo sawa ina umbo la bakuli la uji, iliyogeuka ina ukingo uliotanuka kama sahani.

Ikianza vizuri halafu ikakauka mchana, rudi kwenye maji na uso wa lenzi. Tazama pia mazingira. Kukodolea kompyuta kunapunguza kupepesa, na machozi hayasambai. Moshi wa jiko la kuni, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa baridi, vumbi la mbao kwa walioko Mafinga: lenzi gani ingestahimili hayo kutwa nzima? Kama kazi yako ni hiyo, lenzi ya siku moja unayoitupa jioni pamoja na uchafu wake ndiyo chaguo langu, hata kama bei yake inauma.

Siku tano za kwanza nzuri, kisha inazidi kuwa mbaya kadiri inavyozeeka? Ni mabaki: mafuta kwa silikoni, protini kwa hidrojeli yenye chaji. Na kama jicho linakuwa jekundu baada ya kuivua, au lenzi imeacha duara lililobonyea kwenye weupe, huenda imebana. Hilo ni BC na DIA, si malighafi peke yake.

Hatua ya sita: jaribu kitu kimoja kwa wakati

Peleka picha ya boksi na kumbukumbu zako kwa mpimaji. Mwombe aangalie machozi na kope kabla ya kubadili chochote, maana kope lililoziba tezi zake za mafuta litaikausha lenzi yoyote. Kisha omba lenzi za majaribio za malighafi tofauti, namba ileile. Usibadilishe lenzi na dawa ya kusafishia siku moja. Mambo yakiwa mazuri au mabaya hutajua ni nini kilichofanya hivyo.

Siku ya kwanza zivae kwa muda wa saa 4 tu, kisha ongeza saa 2 kila siku. Jaribio la dakika kumi dukani halikuambii kitu, kwa sababu karibu kila lenzi mpya ni tamu dakika kumi za kwanza. Livae jaribio lako siku unayoishi kweli: sokoni Mwanjelwa, kwenye bajaji, mbele ya kompyuta, jioni jikoni. Baada ya wiki, rudi ukiwa umezivaa saa kadhaa ili azione zikiwa kazini.

Hatua ya saba: maji ya lenzi

Dawa ya kusafishia nayo huingia ndani ya lenzi, kisha hutoka polepole kwenye jicho. Malighafi moja inaweza kuelewana na dawa fulani na nyingine isielewane. Ikiwa macho yanachoma nusu saa hadi saa mbili baada ya kuvaa, na lenzi ni mpya, shuku dawa. Ya peroksaidi huwasaidia wengi kwa kuwa haiachi vihifadhi, ila ikae kwenye kikopo chake maalumu saa 6 au zaidi mpaka igeuke kuwa maji salama. Peroksaidi mbichi isiingie kwenye jicho kamwe.

Sugua lenzi kiganjani kwa kidole, suuza, loweka kwenye dawa mpya kila usiku. Usijazie juu ya ya jana. Kikopo kisuuzwe kwa dawa, kikaushwe kifudifudi, kibadilishwe kila miezi mitatu.

Maji ya bomba, ya kisima, ya simtanki, ya mtoni, yaliyochemshwa: yote hapana. Najua maji yetu ya milimani ni baridi na angavu, na tunajivunia. Lakini kwenye maji huishi kiumbe kidogo kiitwacho akanthamiba, na kikijificha kati ya lenzi na konea kinaleta kidonda chenye maumivu makali, kigumu kutibu, kinachoweza kulipofusha jicho. Usioge nazo, usiogelee nazo Ziwa Ngozi wala Matema.

Lenzi za rangi

Hizi zinauzwa hadi saluni, nyingi za kuvaa mwaka mzima. Mara nyingi ni hidrojeli ya maji asilimia 38, nene, na rangi ikiwa juu inafanya uso uwe na mikwaruzo. Umeshajua maana ya nene na maji 38 bila silikoni kwenye mita 1,700. Ukizitaka, pimwa kwanza kama mtu anayevaa lenzi ya namba, chagua za siku moja au mwezi, na usiazimane na rafiki hata kwa harusi moja.

Ukiona haya, acha mwongozo huu

Maumivu yasiyokoma baada ya kuvua, wekundu unaoongezeka, mwanga kukuchoma, kuona ukungu, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au usaha. Vua lenzi zote mbili na nenda hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili, hata kama unatoka Tukuyu au Chunya. Usipitie duka la dawa kununua matone, kwa sababu mengine yana steroidi, na hizo zinaweza kukupa nafuu ya siku mbili huku kidonda kikichimba. Lenzi usizitupe. Zirudishe kwenye kikopo chake na dawa iliyokuwemo, funga, uende nacho pamoja na chupa ya dawa, maana maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na daktari akajua anapambana na nini.